Mvumo wa sabufa Raskazone: kisa cha boksi la kusafishia umeme

Mzee mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, mstaafu wa bandarini, alitaka atengenezewe boksi la kusafishia umeme. Mwanawe aliye Dar es Salaam alikuwa amemletea seti nzima ya sinema ya nyumbani: TV ya inchi 55, amplifaya ya spika tano, sabufa, king'amuzi, na kile kifaa kidogo cha kuonea filamu za intaneti. Seti haikumaliza mwaka. Usiku mmoja wa masika amplifaya na king'amuzi viliungua kwa pamoja. TV ilipona kwa sababu ilikuwa imezimwa kwenye soketi. Amplifaya ya pili ilipofika, sabufa ikaanza kuvuma hata sauti ikiwa imeshushwa mpaka mwisho, na kila pampu ya maji ilipozima, spika zilitoa kishindo. Dukani alielezwa kwamba dawa yake ni kondishina ya umeme, yaani kisafisha umeme, ya kuagiza nje, yenye bei inayokaribia ya seti yenyewe. Ndipo akaniita.

"Mwanangu, wewe si fundi? Nitengenezee hilo boksi kabla na hii haijaungua."

Naeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ombi la namna hii linawafikia mafundi wengi hapa Tanga, na wengi wao hutoka hapo kwenda dukani kununua vipuri. Boksi linaloitwa kisafisha umeme hubeba kazi zisizofanana: kukata umeme ukizidi au ukipungua, kumeza mapigo ya radi na ya swichi, kuchuja makelele ya masafa ya juu, na kwa maboksi ya gharama kubwa, kutenganisha kabisa umeme wa vifaa na ule unaotoka nguzoni. Katika kazi zote hizo hakuna hata moja inayotibu nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyolegea, na nyumba hii ilikuwa na nyutro iliyolegea.

Aliyetoa dalili ya maana alikuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa akitumiminia chai, akasema kama jambo la kawaida tu: "Mie nikiwasha birika la umeme huko jikoni, feni hii ya sebuleni inakwenda mbio." Mzee akacheka, akasema mama anawaza tu. Mimi nikaacha chai.

Nyumba ni kubwa, ya zamani, na iliingiziwa fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme, kwa ajili ya viyoyozi na pampu. Jikoni kuko kwenye fezi moja, sebule kwenye ya pili, vyumba vya kulala na pampu kwenye ya tatu. Katika nyumba ya fezi moja, birika likiwaka umeme hushuka kila chumba. Feni ikikimbia zaidi kwa sababu ya birika lililo fezi nyingine, nyutro inasogea kutoka mahali pake.

Vipimo vikathibitisha. Birika likiwa limezimwa, jikoni palikuwa na volti 229, sebuleni 231, na kati ya nyutro na ethi (waya wa kwenda ardhini) volti 2. Birika la wati 2000 lilipowaka, jikoni pakashuka mpaka 214, sebuleni pakapanda mpaka 236, na kati ya nyutro na ethi pakawa 13. Tazama hesabu yake. Jikoni pamepotea volti 15, na 11 kati ya hizo zimepotea upande wa nyutro. Zilizobaki 4 ndizo za waya wa fezi. Nyaya mbili za unene mmoja, zilizopita njia moja na kubeba mkondo uleule, zilipaswa kupoteza sawasawa. Kwa hiyo volti 7 hivi zilikuwa zinaliwa na kiungo fulani cha nyutro. Kwa mkondo wa ampea 8.5, hizo ni karibu wati 60 za joto mahali pamoja, kila mara chai inapochemshwa.

Kiungo kama hicho hakibaki kilivyo. Kinapasha moto, kinapoa, kinalika, na siku moja kinaachia. Kikiachia kabisa katika mfumo wa fezi tatu, vifaa vya jikoni na vya sebuleni vinajikuta vimeungana mfululizo kati ya fezi mbili, ambako kuna volti 400. Upande wenye mzigo mzito, wa birika na friji, hubaki na volti chache. Upande wenye mzigo mwepesi, wa king'amuzi na amplifaya, hupewa karibu zote.

Mzee hakuwa amevitupa vifaa vilivyoungua, na nashukuru. Nilifungua king'amuzi. Fyuzi ilikuwa nyeusi ndani, na ile kapasita kubwa ya kuingilia, iliyoandikwa 400V, ilikuwa imevimba kichwani hadi alama yake ya msalaba imefunguka. Pigo la radi hupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Linatoboa daraja la dayodi au linapasua varista (kipuri cha kumeza mapigo), lakini halina muda wa kuchemsha kapasita mpaka ivimbe. Volti 380 zikigeuzwa kuwa umeme mnyoofu hufika kiasi cha 537. Kapasita ya 400 ikiachwa hapo hata kwa muda mfupi, huonekana hivyo. Usiku ule watu wa nyumbani waliamini ni radi kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Nadhani upepo wa mvua ndio uliotikisa kiungo.

Kiungo chenyewe tulikiona kwa macho kutoka kwenye ngazi, pale waya wa alumini wa nguzoni ulipokutana na waya wa shaba unaoingia nyumbani. Vilikuwa vimesokotwa pamoja tu na kuzungushiwa tepu, na tepu imefunguka. Alumini na shaba vikigusana penye hewa ya chumvi, alumini huliwa, na Raskazone ni rasi, bahari haiko mbali. Ule unga mweupe ulioota pale ni alumini iliyokwisha liwa. Sikukigusa. Kiko juu ya mita, upande usio wangu, na nyutro ikiachia mkononi mwa fundi wakati vifaa vimewaka, fundi huyo huenda asishuke ngazi mzima. Kiliripotiwa, wenye idhini wakaja, wakafunga kiunganishi maalumu cha alumini kwa shaba. Baada ya hapo birika likiwaka, sebuleni volti zinabadilika kwa 1 tu, au zisibadilike kabisa.

Hapo mzee angeweza kuniambia niende nyumbani na sehemu kubwa ya hatari ingekuwa imeondoka. Lakini sabufa ilikuwa bado inavuma.

Mvumo huo ulikuwa na tabia yake. Mchana haukuwepo, au ulikuwa hafifu. Baada ya isha unaanza. Nilipouliza ni kitu gani huwashwa wakati huo, jibu lilikuwa kiyoyozi cha chumbani kwa wazee. Tukakiwasha mchana, na sabufa ikavuma papo hapo. Nikachomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, pakawa kimya. Nikaichomeka, mvumo ukarudi. Kwa jaribio hilo moja, kisafisha umeme cha bei yoyote kilikwisha kuondolewa kwenye orodha ya dawa za mvumo, kwa sababu mvumo haukuwa unaingia kwa njia ya plagi.

Njia yake ni hii. Dishi limefungwa kwenye mlingoti wa chuma uliozamishwa kwenye zege la uani, na zege hilo lina nondo zilizogusa udongo wenye unyevu. Hiyo ni ethi, hata kama hakuna aliyeikusudia. Nyumba nayo ina ethi yake, fimbo moja ya shaba upande wa mbele. Wavu wa kebo ya dishi unaunganisha ethi hizo mbili kupitia king'amuzi, kebo ya HDMI na bodi ya amplifaya. Kama ethi hizo zina volti tofauti, mkondo unapita katikati ya vifaa vya sauti, na sabufa inauimba kwa masafa ya hezi 50 ya umeme wetu.

Kwa nini zitofautiane? Nikaifunga mita ya kukumbatia waya kwenye waya wa ethi kuu. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, miliampea 3. Kikiwaka, 42. Kompresa yake ilikuwa inavujisha umeme. Fimbo ya ethi, ilipopimwa kwa kipimo chake, ilikuwa na ukinzani wa omu 70, na hilo halinishangazi: Raskazone ni mwamba wa matumbawe, na fundi aliyeipigilia aliishia pale nyundo ilipogonga jiwe. Miliampea 42 kupita omu 70 ni karibu volti 3. Nilipopima kati ya wavu wa kebo ya dishi iliyochomolewa na kiunzi cha amplifaya, nikapata 2.9.

Omu 70 zilinitia hofu kuliko mvumo. Waya wa fezi ukigusa mwili wa friji katika nyumba yenye ethi ya omu 70, mkondo utakaopita ni ampea 3 na kitu, na sakiti breka ya 20 haina habari. Mwili wa friji utabaki na umeme mpaka atokee wa kuugusa, naye anaweza kuwa mjukuu aliye pekupeku, ametoka kuchota maji. Katika ubao wa umeme hapakuwa na ile swichi ya uvujaji, yenye kitufe cha kujaribia, inayokata kwenye miliampea 30. Kama ingekuwepo, kiyoyozi kile kisingewaka hata siku moja, na kila kitu kingejulikana mapema.

Basi tukafanya kazi ambayo mzee hakuiomba, lakini nilipomweleza habari ya mjukuu hakubisha. Kiyoyozi kilifunguliwa: kisanduku cha nyaya za kompresa kilikuwa na kutu na unyevu wa chumvi, na gamba la waya mmoja limepasuka na kuegemea chuma. Likabadilishwa. Fimbo tatu zaidi zikapigiliwa upande wa bustani ya jikoni, ambako kuna udongo, zikitengana kwa zaidi ya urefu wake, zikaunganishwa na ile ya kwanza. Ukinzani ukashuka hadi omu 20 hivi. Kuna wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni ili kupata kipimo kizuri siku ya makabidhiano. Chumvi inashusha kipimo kweli, kisha masika mawili yanaiosha, na kabla haijaisha inakuwa imekula shaba. Mlingoti wa dishi ukaunganishwa kwa waya mnene na ethi hiyohiyo ya nyumba. Swichi ya uvujaji ikafungwa. Kazi za ubao zilifanywa na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ndivyo inavyopaswa.

Mvumo ukaisha. Nilisogeza sikio mpaka kwenye karatasi ya sabufa kiyoyozi kikiwa kimewaka, nisisikie kitu.

Nieleze pia kitu nilichokataa kukifanya. Mtu wa karibu alishauri tukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, kwani mvumo huondoka. Ni kweli huondoka, na pamoja nao huondoka kinga ya anayeigusa amplifaya. Tena vifaa vingi vina kapasita ndogo mbili kutoka fezi na nyutro kwenda kwenye mwili; ethi ikikosekana, kapasita hizo zinaugawa umeme katikati, na mwili wa kifaa unabaki na volti 115 hivi. Ule mwasho wa vidole watu wanaousikia wakigusa king'amuzi au kompyuta ndio huo.

Sasa boksi. Tulilitengeneza, maana nyutro mpya nayo inaweza kulegea siku za mbele, na radi za masika zipo.

Kasha ni la chuma, la stabilaiza iliyokufa, likakwanguliwa rangi ndani mahali pa kufungia ethi ili shaba iguse chuma kitupu. Umeme unaingia kwa waya wa milimita 2.5, unapita sakiti breka ya ampea 10 inayokata fezi na nyutro kwa pamoja, kisha unafika kwenye kifaa cha kupima volti, kile cha kidijitali cha kufunga kwenye reli. Hicho ndicho moyo wa boksi kwa mazingira yetu. Nilikipanga kikate chini ya 190 na juu ya 250, na kisubiri sekunde 180 kabla ya kurudisha. Umeme unaporudi baada ya kukatika hucheza kwanza, na friji na viyoyozi vya mtaa mzima hugombania kuwaka. Dakika tatu hizo zinatosha utulie.

Penye varista nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo michoro mingi ya kuiga huwakosesha watu wa kwetu. Varista huwekwa kati ya fezi na nyutro. Umeme wa kawaida haiuoni, pigo likija inafungua njia na kulimeza. Michoro mingi husema uweke ya volti 275, yaani 20D431K. Hiyo hubana pigo kwenye kama volti 710, jambo zuri kwa amplifaya. Lakini nyutro ikiachia na volti zikapanda hadi 380, varista hiyo itakuwa inapitisha mkondo kila mzunguko mpaka iwake moto. Ya 385, yaani 20D621K, itastahimili hali hiyo, ila itaacha pigo lifike 1025. Kwa hiyo niliziweka mbili katika hatua mbili: ya 385 kabla ya kifaa cha kukata, na ya 320, 20D511K, baada yake, ikilindwa na kifaa hicho. Kila moja imefungwa mgongoni fyuzi ya joto, zimevikwa soksi ya kuzuia moto, na taa ndogo ya kijani inazima fyuzi ikikatika. Nyingine zinatoka fezi na nyutro kwenda ethi. Miguu yake niliiacha mifupi kadiri ilivyowezekana, kwani kwa pigo la kasi kila mita ya waya inaweza kuongeza mamia ya volti juu ya zile varista ilizoziacha. Varista nzuri iliyofungwa kwenye waya mrefu ni hasara tupu.

Kichujio ni rahisi zaidi. Koili yenye nyaya mbili zilizozungushwa pamoja, kapasita ya X2 ya mikrofaradi 0.47 kati ya fezi na nyutro, na mbili za Y2 za nanofaradi 4.7 kwenda ethi. Alama hizo X2 na Y2 zisidharauliwe: kapasita ya kawaida ikikaa hapo na ikafa, hufa kwa kupiga shoti. Sambamba na ya X2 nikaweka rezista mbili za kilo-omu 220 mfululizo, ili plagi ikichomolewa pini zisibaki na chaji ya kumpiga mtu. Kuna vichujio viwili, kimoja kwa amplifaya na sabufa, kingine kwa TV na vifaa vyake, ili makelele ya vifaa vya kidijitali yasirudi kwenye sauti. Cha TV nilikitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, kwani mzigo wake ni mdogo. Cha amplifaya nilinunua kipya cha ampea 10, maana waya wa koili za kompyuta ni mwembamba.

Transfoma ya kutenganisha sikuiweka. Ni nzito, ni ghali, na kazi ambayo ingeifanya hapa ilikwisha kufanywa na waya wa ethi kwenye mlingoti.

Kabla ya kuliwasha, ethi ya kasha ilipimwa mpaka kwenye pini ya plagi, kinga ya nyaya ikapimwa kwa mega (kipima uvujaji wa nyaya) ya volti 500 varista zikiwa zimefunguliwa mguu mmoja (zisipofunguliwa zitadanganya kipimo), na mara ya kwanza likawashwa kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikibaki giza, hakuna shoti.

Kishindo cha pampu kilipungua boksi lilipofungwa, hakikuisha. Kiliisha nilipoweka kapasita ya X2 ya mikrofaradi 0.1 na rezista ya omu 100 juu ya migusano ya swichi ya boya kule kwenye tangi. Cheche ikizimwa inapozaliwa, huku sebuleni hakuna cha kuchuja.

Kuna swali huulizwa kila mara: je, sauti imekuwa nzuri zaidi kwa sababu ya boksi? Mimi sikusikia tofauti, na mzee hakusikia, mvumo na kishindo vikiwa vimeondolewa na mambo mengine. Thamani yake ni ulinzi. Tangu lifungwe, kuna jioni umeme ulirudi ukiwa juu ya 260. Boksi lilikaa limekata, namba zikisomeka usoni pake, mpaka ziliposhuka chini ya 250 na dakika tatu zikapita.

Kilichobaki ni umeme mdogo wa saa mbili usiku, unaoshuka hadi 197 mafundi wa kuchomelea mageti barabarani wakiwa bado kazini. Mzee anasema mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani si mbali, kwa nini sisi tupate umeme mdogo? Lakini umeme unaozalishwa Hale na New Pangani Falls huingia kwenye gridi ya taifa, na kinachotufikia sebuleni kinategemea transfoma ya mtaa na urefu wa waya. Anataka aongeze stabilaiza. Nimemwomba asubiri. Amplifaya yake inafanya kazi vizuri kwa 197, na stabilaiza za rilei hubadilisha volti kwa hatua, kila hatua na mruko wake. Mama anaandika namba za boksi kwenye daftari kila baada ya isha. Zikianza kushuka chini ya 190 mara kwa mara, hadi boksi linakata katikati ya filamu, tutaweka stabilaiza ya mota, ya kilo-volti-ampea 2, nayo itakaa mbele ya boksi.